Bilioni Haikuharibiwa na Wamarekani

Wanaoandika kwamba Wamarekani ndio walioivuruga "billion" ya Kiingereza wanambebesha lawama asiyehusika.

Kweli, maana kongwe ni milioni mara milioni. Mfaransa Nicolas Chuquet aliiandika hivyo mwaka 1484, na Waingereza wakaishikilia kwa muda mrefu. Lakini maana ya pili, milioni elfu moja, nayo ilizaliwa Ufaransa, katika karne ya 17. Marekani iliirithi tu. Tena Wafaransa wenyewe waliiacha baadaye, na leo kiasi hicho wanakiita "milliard".

Dai kwamba Uingereza ilishurutishwa kuipokea maana hiyo ya pili ya "billion" halina mashiko. Desemba 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alilieleza Bunge kwamba mawaziri wake watalitumia neno hilo kwa maana ya milioni elfu moja, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kimataifa.

Uamuzi ule ulifaa. Bajeti inayoweza kusomwa kwa namna mbili, moja ikiizidi nyingine mara 1,000, inamnyima mwananchi haki ya kujua fedha zake zinakwenda wapi. Wa kuwa macho ni msomaji wa vitabu vya Uingereza vya kabla ya hapo: aangalie kwanza mwaka wa kuchapishwa, ndipo ahesabu sufuri.