Paka si mchafu, mchafu ni aliyeziba mchanga wote



Leo siasa naiweka kando. Nataka tuzungumze kuhusu choo cha paka. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize (kwi kwi kwi!), kisha tuendelee.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kuipinga ajiandae. Mtoto wa paka anayejisaidia chini ya kitanda au nyuma ya kochi hana tabia mbaya. Hana choo. Sisi tunaomtandika ndala, tunaomsugua pua kwenye uchafu wake, halafu tunamfunga kwenye kiroba na kumpa kijana wa bodaboda akamtupe huko kwenye mkonge, ndio wenye kosa. Na wengi tunaofanya hivyo tumesoma. Tena tumesoma sana.

Tukumbushane kidogo. Nyumba ya zamani ya Korogwe au Handeni ilikuwa na ua wa udongo na mlango wa nyuma uliokuwa wazi kutwa nzima. Paka alitoka, akafukua, akamaliza shida zake, akafukia, akarudi kulinda gunia la mahindi. Hakuna aliyemfundisha, na wala hakuna aliyejua kwamba paka naye anahitaji choo, kwa sababu choo kilikuwa ua mzima.

Nyumba mpya ni kitu kingine. Sebuleni tailizi. Uani zege au peving mpaka ukutani. Madirishani wavu wa mbu, na geti linafungwa saa 12 jioni. Sina ugomvi na maendeleo ya mtu, jenga unavyoweza. Lakini ukishaziba kila kipande cha mchanga, ukaenda kuomba mtoto wa paka wa wiki 5 aje akumalizie panya stoo, ulitegemea ajisaidie wapi? Apige hodi chooni kwako? Paka ni yule yule wa bibi yako. Kilichobadilika ni nyumba.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema, "Haya mambo ya sanduku la mchanga ni ya Wazungu, sisi paka wetu wanajiongoza." Ndugu yangu, tulia. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu, na paka pori huyo bado yupo kwenye mapori yetu hapa Tanzania. Kupenda kufukua mchanga laini ni jambo alilozaliwa nalo. Mchanga upo mtoni Pangani, upo kwenye makorongo ya Handeni, upo kwenye rundo la fundi anayejenga jirani yako. Beseni lililopasuka ukingo unalo. Huna beseni? Chukua dumu la mafuta la lita 20, lilaze, likate ubavu mmoja. Hapo Uzungu uko wapi?

Wengine huja na methali: samaki mkunje angali mbichi. Naikubali kabisa. Lakini kukunja si kupiga. Mtoto wa paka ukimpiga, haunganishi kipigo na kinyesi alichokiacha dakika kumi zilizopita. Anaunganisha kipigo na wewe. Anachojifunza ni kwamba mbele yako hakujisaidiwi, kwa hiyo kesho atatafuta nyuma ya friji. Halafu utasema paka huyu ana kiburi! Kiburi gani? Umemfundisha kujificha, naye amefaulu mtihani.

Njia sahihi ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Kwanza, usimtoe kwa mama yake mapema. Mtoto wa paka akiwa mchanga kabisa hawezi hata kujisaidia mwenyewe, mama humlamba mpaka atoe haja. Kwenye wiki ya 3 au ya 4 ndipo anaanza kujitegemea, na hapo humwangalia mama anafanya nini. Sisi tunamchukua akiwa na mwezi mmoja, tunamkatisha masomo, halafu tunamdai cheti. Mwache afike wiki 8.

Pili, siku za mwanzo usimwachie nyumba nzima. Mpe chumba kimoja, chombo cha mchanga kona moja, chakula na maji kona nyingine. Paka hapendi kujisaidia anapolia chakula, na hata wewe hupendi. Ukingo uwe mfupi aweze kuuruka. Mchanga uwe mkavu na laini, kina cha vidole vitatu au vinne. Maranda laini ya seremala pia yanafaa, mradi mbao zisiwe zimepakwa dawa.

Tatu, muweke humo kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Usimshike mikono kwa nguvu kumlazimisha kufukua. Muweke, mwache. Akifanya nje ya chombo, okota kinyesi kwa karatasi ukiweke kwenye mchanga, harufu imwelekeze. Pale alipochafua osha kwa sabuni mpaka harufu iishe, maana harufu ikibaki atarudi palepale. Ila achana na zile dawa kali za usafi zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia kwenye maji. Nyingi ni sumu kwa paka.

Nne, na hapa ndipo wengi tunafeli, ondoa uchafu kila siku. Paka akikuta choo kimejaa anahama. Wewe ukifika stendi ukakuta choo kimefurika unaingia?

Sasa tuje kwa Handeni, mji ambao historia yake na maji haihitaji maelezo. Mradi wa HTM, unaotoa maji Mto Pangani upande wa Korogwe, ulijengwa miaka ya 1970, na tangu hapo watu wa Handeni wameendelea kuhesabu madumu. Katika mji huo huo, mtu anamwaga maji ndoo nzima kila asubuhi kusugua mkojo wa paka sakafuni, lakini anakuambia chombo cha mchanga ni anasa. Mchanga hauhitaji maji, ndugu zangu. Ndoo uliyomwaga ingepika chakula.

Na ndoo hiyo haimwagwi na mwenye nyumba. Humwagwa na dada wa kazi. Yeye ndiye anayeinama, ndiye anayesikia harufu wa kwanza, na ndiye anayefokewa wageni wakikunja pua. Paka hakupewa choo, dada hakupewa neno la kujitetea, na bosi anashinda na laptop akiandika kuhusu haki za binadamu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Wengine wana hofu ya magonjwa, na hofu hiyo ina msingi. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mimba. Lakini sikiliza vizuri: vijidudu hivyo vikitoka na kinyesi huhitaji angalau siku nzima kabla ya kuweza kuambukiza. Ukiondoa kinyesi kila siku, umevikatia njia. Mjamzito asiguse chombo hicho, afanye mtu mwingine, na kila anayekigusa anawe mikono. Paka asiye na chombo akipata mwanya wa kutoka ataenda kwenye tuta la mchicha au kwenye mchanga wanapochezea watoto. Kipi bora, uchafu unaojua ulipo au uchafu unaoula na mchicha?

Nikiri kitu kimoja kwa upande wa wapinzani wangu: si kila tatizo linatibiwa na beseni. Dume aliyekomaa anayesimama na kunyunyizia ukuta anaweka alama ya mipaka, dawa yake ni kuhasiwa. Na paka anayekwenda kwenye mchanga kila mara, anajikamua, hatoi kitu, huyo ni mgonjwa, hasa akiwa dume. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Handeni na Korogwe kila moja ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Waulize watu wa mifugo, ndiyo kazi yao.

Kuhusu kiroba, sina lugha ya kubembeleza. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa. Paka wa miezi miwili aliyetupwa kwenye mkonge hajui kuwinda. Atakufa kwa njaa au ataliwa, wakati mahindi yako stoo yanatafunwa na panya uliyemleta yeye akupunguzie.

Kwa hiyo, kabla hujamwita bodaboda, tafuta beseni moja, mchanga kidogo, na wiki mbili za uvumilivu. Vikishindikana vyote hivyo, mtafutie mtu mwenye ua wa udongo anayemhitaji.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje, ila aje akiwa ameshajaribu.