MTOTO ANAYEHARISHA ASINYIMWE MAJI

Kila masika yaingiapo, vyoo vya mabondeni hufurika, visima huchafuka, na watoto wadogo huanza kuharisha. Siku hizo mashauri ya kila namna hutolewa vibarazani, na moja katika hayo twaona yatupasa kulipinga waziwazi. Ni lile lisemalo kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji wala ziwa la mama, ili tumbo lipate kufunga.

Shauri hili lina sura ya akili, ndiyo sababu limedumu. Amwonaye mtoto akinywa na kutoka papo hapo hudhani ya kuwa kinywaji ndicho kimharishacho. Lakini kinachoua zaidi hapo ni kukaukiwa. Maji na chumvi za mwili hutoka upesi kuliko yanavyorudishwa, na mwili wa mtoto hauna akiba kubwa. Kumnyima maji, basi, ni kuusaidia ugonjwa.

Dawa yake ni rahisi hata watu huidharau. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowafukuza mamilioni ya watu kuingia India, kipindupindu kilizuka katika kambi za wakimbizi, na maji ya kutundika yakaadimika. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru maji yachanganywe na chumvi na sukari ya glukosi, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Utumbo, hata ukiwa mgonjwa, hupokea chumvi ikiandamana na sukari, na maji hufuata.

Pakiti za ORS ziwekwe nyumbani kabla ya ugonjwa, maana kuharisha hakuchagui saa ambazo maduka yako wazi. Pakiti ya lita moja itiwe yote katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa mbili za nusu lita zatosha kuwa kipimo. Pakiti isipokuwapo, chukua maji kiasi hicho hicho, sukari vijiko 6 vya chai, na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kujaza kilima. Hapa ukarimu haufai: chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huongeza kuharisha, ndiyo maana soda si badala yake. Aliye chini ya miaka miwili anyweshwe robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo. Akitapika, mngojee dakika 10, kisha uendelee polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Ziwa lisikatizwe, na chakula kiendelee. Vidonge vya zinki, ambavyo wazazi wengi huviacha mara mtoto apatapo nafuu, vimalizwe kama alivyoandikiwa, yaani siku 10 hadi 14.

Lipo jambo jingine ambalo twalitaja kwa uchungu. Wazazi wengine huambiwa kwamba mtoto wao ana “meno ya plastiki”, wakampeleka kwa mtu amkwangue ufizi kwa chuma. Hakuna meno ya namna hiyo. Vinavyong’olewa ni vijino vyake mwenyewe, ambavyo havijapata kuchomoza. Mtoto aliyekwisha kukaukiwa hutoka hapo na jeraha na damu imempungua, na saa za kumnywesha zimepotea. Hatuwadhihaki bibi zetu, ambao wamelea wengi kwa uji mwembamba na subira. Twasema juu ya hao wanaotoza fedha kwa kazi hiyo.

Wauzaji wa maduka ya dawa nao wana wajibu. Vidonge vya kuua bakteria haviponyi kuharisha kwingi, na dawa za kuzuia choo hazifai watoto wadogo. Mama akija dukani, apewe ORS na zinki, na aelezwe kipimo kwa mdomo kabla hajarudishiwa chenji yake.

Lakini macho yakiwa yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, au choo kina damu, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, apelekwe zahanati au hospitali saa ile ile, wala kusingojwe kupambazuke. Akiwa bado aweza kumeza, aendelee kunyweshwa njiani.