"Mama, Nyinyi Mna Viti Vyenu"

Na Kemunto Ombaso

Mwanamke wa Gusii akitangaza kuwania udiwani, jibu huja upesi, tena kwa upole: "Mama, hiki waachie wanaume. Nyinyi mna viti vyenu." Nimelisikia Keroka, nimelisikia soko la Daraja Mbili, na wanaolisema si wanaume peke yao.

"Viti vyenu" ni vile vya Kifungu cha 177 cha Katiba ya 2010. Kura zikishahesabiwa, jinsia moja ikionekana imezidi theluthi mbili katika bunge la kaunti, pengo hujazwa kwa majina kutoka orodha za vyama. Kaunti ya Nyamira ina wadi 20. Wanaume wakizitwaa zote, wanawake 10 wataingia kwa orodha. Kwa hesabu hiyo, chama hakipotezi chochote kikiwanyima wanawake tiketi.

Sitaki viti hivyo vifutwe. Bila hivyo bunge la Kisii, lenye wadi 45, lingebaki baraza la wazee, maana huku mwanamke huulizwa ukoo kabla ya kuulizwa sera. Aliyezaliwa Bobasi akaolewa Bonchari, kwao huambiwa alishaondoka. Alikoolewa huambiwa ni mgeni. Atasimama wapi? Mwaka 2022 maeneobunge yote 13 ya Kisii na Nyamira yalichagua wanaume.

Lakini diwani mteule hana wadi. Miradi ikigawanywa kwa wadi, yeye hana barabara wala zahanati ya kuonyesha. Mtaani wanamwita "bonga points", kama zile pointi za bure za simu, na neno hilo linaniuma. Baada ya miaka mitano hurudi kwa wapigakura mikono mitupu, au hurudi kumnyenyekea aliyeandika orodha.

India, tangu 1993, huwatengea wanawake angalau theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji, na wadi hupokezana zamu. Mwanamke huomba kura wadini, akashinda akiwa na watu wake. Sisi tunaweza kuanza na dogo: mteule apangiwe wadi za kuhudumia pamoja na fungu la miradi, na asiteuliwe zaidi ya muhula mmoja.

Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga, mwana wa Nyamira, alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili ya jinsia. Bunge halikuvunjwa. Basi vyama vitakavyokuja kuomba kura nyumbani kwa Maraga 2027, tuviulize kwanza: ni wanawake wangapi mmewapa tiketi za wadi?