Swichi ya stoo ndiyo mwenyekiti

Wadau, kuna maneno mwananchi wa Dodoma ameshayazoea: "Mtandao uko chini, njoo kesho." Tukiyasikia tunailaumu kampuni ya simu au Mkongo wa Taifa. Mimi naona wakati mwingine tunawaonea bure. Tatizo halijatoka hata nje ya geti, liko kwenye lile kabati la chuma la koridoni, lenye swichi.

Kazi ya swichi ni kuunganisha kompyuta za jengo. Ikipokea tangazo linalowahusu wote, inalitoa kwenye matundu yote isipokuwa lile lilikoingilia. Sasa funga waya mbili kati ya swichi mbili, nia yako ikiwa ni njema tu, moja ikikatika nyingine iwepo. Tangazo linakwenda kwa waya huu na kurudi kwa ule, na linaendelea hivyo bila kikomo. Pakiti ya intaneti ina hesabu ya kuishi, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Etheneti haina hesabu hiyo. Ndani ya sekunde chache jengo zima limezibwa.

Dawa yake aliibuni mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, mwaka 1985. Itifaki yake inaitwa STP, tuseme itifaki ya mti. Swichi zinamchagua mmoja wao awe mzizi, kila moja inashika njia nafuu ya kumfikia, na njia za ziada zinafungwa mpaka zitakapohitajika. Ile ya zamani ilichukua sekunde 30 hadi 50 kufungua njia ya akiba. Mwaka 2001 likaja toleo la haraka, RSTP.

Uchaguzi wenyewe sasa! Kila swichi ina namba ya kipaumbele, na ndogo ndiyo hushinda. Kiwandani karibu zote hupewa 32768. Zikilingana, inaangaliwa anwani ya MAC, na ndogo hushinda tena. Swichi ya zamani mara nyingi ndiyo yenye anwani ndogo. Kwa hiyo fundi asipogusa kitu, unanunua mitambo ya mamilioni halafu mwenyekiti anakuwa kale kaswichi kakuukuu ka stoo, na mizigo ya ofisi nzima inapitia kwake. Uzee dawa, lakini si hapa.

Kuna ofisi moja (jina nalihifadhi) niliwakuta wazee waliotoka Kongwa na Mpwapwa wamekaa kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa nane mchana. Mtu alikuwa amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja ukutani. STP ingeuona mzunguko huo na kuufunga, ila ilikuwa imezimwa, eti inachelewesha kompyuta kuingia mtandaoni. Ndugu zangu, matundu ya mezani yana mpangilio wake wa kuamka haraka, huhitaji kuzima mti wote!

Jengo lenye swichi tatu, RSTP inatosha kabisa. Lakini tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza Serikali inahamia Dodoma, majengo yameongezeka kwa kasi, na kwenye mitandao mikubwa mti mmoja ni hasara. Waya wa pili umelipiwa na umelala. Hapo ndipo inapoingia MSTP, iliyosanifiwa mwaka 2002. Chukulia barabara ya Dar kuja Dodoma: mabasi yapite Gairo, malori yazungukie Iringa na Mtera, na njia moja ikifungwa wote wapite nyingine. MSTP inafanya hivyo kwa VLAN, yaani mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi zilezile. Simu na malipo vinapewa mti huu, kamera na wageni mti ule.

Sharti lake ni moja gumu. Swichi zote za eneo ziwe na jina moja la eneo, namba moja ya toleo na mgawo uleule wa VLAN. Ikitofautiana hata herufi moja, swichi hiyo inahesabiwa mgeni na mpango unavurugika hapo. Mtandao haufi, ndiyo ubaya wake. Hakuna anayejua mpaka siku ya mzigo.

Na msidhani ni umaskini wetu. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, mtandao wake uliokuwa umeungwaungwa miaka mingi ulishindwa kuupanga mti, madaktari wakarudi kwenye karatasi kwa siku kama nne.

Vijana wa kuifanya kazi hii wapo, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko hapa hapa tangu 2007. Ninachodai ni mikataba ya mitandao iache kuhesabu swichi tu. Iandike mzizi ni upi, mrithi wake ni upi, jina la eneo ni lipi. Na kabla hundi haijasainiwa, fundi achomoe waya mmoja mbele ya mkuu wa ofisi, wahesabu sekunde pamoja.