Nyayo za Ng'ombe Zinapofika Mpakani

Mtu wa Issenye akiamka usiku na kukuta boma limevunjwa na ng'ombe hawamo, hupiga yowe. Vijana hukusanyika, hutafuta nyayo, na mara nyingi huona kwamba zinaelekea kaskazini, upande wa Mto Mara na Tarime. Vijiji hupokezana nyayo hizo, kijiji hiki kikikabidhi kwa kile, na kijiji ambamo nyayo zinapotelea ndicho kinachotakiwa kujieleza. Utaratibu huu ni wa kale nasi tunauheshimu. Lakini una ukomo wake. Nyayo zikifika mpaka wa Kenya, wafuatiliaji husimama. Wakivuka na mikuki na mishale yao, wale waliokuwa raia wanaotafuta mali yao huwa kundi la wageni wenye silaha katika nchi ya watu. Mwizi, ambaye pengine ana mashemeji pande zote mbili, huendelea na safari yake.

Tumeanza na ng'ombe kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo juu ya usalama wa Afrika Mashariki huanzia kwa kawaida kwa marais na majenerali. Wataalamu hutenganisha mambo mawili: usalama wa ndani, ulio kazi ya polisi, na usalama wa nje, ulio kazi ya jeshi na mabalozi. Kwa mwenye boma tupu tofauti hiyo haipo. Mali yake ilikuwa suala la ndani saa nane za usiku; jioni yake imekuwa suala la uhusiano wa mataifa.

Na haikuanza leo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, vijana wengi wa Mara walikwenda vitani, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Vita vile vilikuwa vya nje kabisa. Hata hivyo sehemu ya silaha zake iliingia mikononi mwa raia, na miaka ya themanini wezi waliokuja kwa mishale wakaanza kuja kwa bunduki. Jamii za Serengeti, Issenye ikiwemo, zilipoteza mifugo kwa wingi katika miaka ile. Wapo wazee ambao mpaka leo huhesabu umaskini wao tangu hapo. Hayo yalitokea wakati Jumuiya ya kwanza ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya umefungwa. Mpaka uliofungwa kwa mwenye kuuza mahindi haukufungwa kwa mwenye kuiba ng'ombe.

Mpaka huo ulifunguliwa tena Novemba 1983, na hapa tunamwomba msomaji asimame kidogo. Mwezi huohuo Tanzania ilimrudisha Kenya Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, ambaye alikuwa amekimbilia kwetu. Nayo Kenya ikawarudisha kwetu watu waliotuhumiwa kula njama dhidi ya serikali yetu. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Hatuwatetei wenye kupindua serikali kwa mtutu. Tunasema tu kwamba, katika kupatana, serikali zilianza na usalama wa watawala. Usalama wa Issenye ulibaki kwenye foleni.

Jumuiya ya pili imejengwa kwa Mkataba uliotiwa saini Novemba 1999, nao kwa maneno yake ni mzuri. Ibara ya 123 inataka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Ibara ya 124 inakiri kwamba maendeleo hayawezekani pasipo amani, kisha inataja kubadilishana habari za uhalifu, doria za pamoja, kuwafukuza wahalifu hadi ng'ambo ya mpaka, na kusaidiana kuwakamata na kuwarudisha watoro. Itifaki ya Amani na Usalama ya mwaka 2013 imeutaja hata wizi wa mifugo, pamoja na ugaidi na silaha ndogondogo. Kwa maandishi, basi, ndani na nje vimefungwa kamba moja. Nasi twaona ni haki vifungwe hivyo.

Shaka yetu ni juu ya nani anayeshika kamba. Novemba 2024 Dkt. Kizza Besigye, mpinzani wa siku nyingi wa serikali ya Uganda, alitoweka jijini Nairobi. Baada ya siku chache tu alionekana mbele ya mahakama ya kijeshi jijini Kampala. Hakufikishwa kwanza mbele ya hakimu wa Kenya ili aulizwe kama ana neno la kujitetea. Tazameni basi: mtu mzima alivushwa mipaka kwa siku chache, ilhali ng'ombe mwenye chapa ya mwenyewe huweza kukaa ng'ambo mpaka akazaa, na mwenyewe akawa bado anatafuta barua ya kumruhusu kwenda kumtambua. Ushirikiano wa vyombo vya dola upo. Umechagua tu watu wa kuwahudumia.

Huko Kongo mambo yana sura nyingine. Jumuiya ilipeleka kikosi chake Kivu Kaskazini Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023 kwa kuwa serikali ya Kinshasa haikuridhika nacho. Nafasi yake ilichukuliwa na kikosi cha SADC, ambamo Tanzania ilipeleka askari. Nchi yetu imo katika jumuiya zote mbili, na ndani ya jumuiya moja tumo na Kongo na Rwanda, ambazo zinashutumiana. Katika hali hiyo ni vigumu kuiita sera hiyo kuwa ya pamoja.

Turudi nyumbani, maana hapa kuna somo ambalo hatukulipata seminarini, tumelipata vibarazani. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakaenea hadi Mara, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Wakuria wa Tarime waliwaunganisha na ritongo, baraza lao la kale. Mwaka 1998 ndugu zao wa upande wa Kenya nao wakaanzisha sungusungu wao. Hapakuwa na itifaki wala mkutano wa mawaziri. Watu wa kabila moja waliogawanywa na mstari wa wakoloni waliona kwamba mwizi aliyefukuzwa huku atahamia kule. Tusiwasifu kupita kiasi: katika mabaraza hayo watu walipigwa, wakatozwa faini bila kusikilizwa, na wengine walisingiziwa kwa chuki za ukoo. Lakini jambo moja walilifanya ambalo dola mbili hazijalifanya: mlalamikaji na mshtakiwa walikaa chini ya mti mmoja.

Hilo ndilo tunalolidai. Pale Sirari na Isebania mizigo ya malori hukaguliwa katika kituo cha pamoja. Kwa nini pasiwe na baraza la pamoja la mifugo, lenye hakimu wa kila upande, ambapo chapa ya ng'ombe wa Issenye inakubaliwa kuwa ushahidi Migori, na ya Migori inakubaliwa Mugumu? Na kwa nini mtu yeyote anayekamatwa ng'ambo, awe mwizi wa ng'ombe au mwanasiasa, asifikishwe kwanza kwa hakimu wa mahali alipokamatiwa?

Mkataba humruhusu raia kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ikiwa imeukiuka, lakini ndani ya miezi miwili tangu tendo litokee au alijue. Miezi miwili hutosha kwa wakili wa mjini. Mzee wa Issenye huimaliza akiwa bado anauza mbuzi aliobakiwa nao ili apate nauli.