Vitofali vya mtoto: Vya kale na vya leo bado vyashikana

HUENDA mna vitofali vya plastiki nyumbani kwako. Mtoto huvishikanisha akajenga nyumba, kisha huibomoa na kuanza upya. Je, wajua vilikotoka?

Ole Kirk Christiansen, seremala wa kijiji cha Billund nchini Denmark, alianza kuunda vitu vya kuchezea vya mbao mwaka wa 1932. Miaka miwili baadaye aliipa kampuni yake jina LEGO, kutokana na maneno ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri".

Vitofali vya plastiki vilifuata mwaka wa 1949, kwa mfano wa vile vya Mwingereza Hilary Fisher Page. Lakini vilikuwa na ila: ndani vilikuwa vitupu, hivyo havikushikana barabara. Dawa ilipatikana mwaka wa 1958, vilipotiwa mirija ya kubana vijinundu vya kitofali cha chini. Mwaka wa 1963 plastiki yenyewe ilibadilishwa, ikaletwa iliyo imara zaidi. Vitofali vikubwa vya watoto wadogo, Duplo, vilitokea mwaka wa 1969, navyo vijitu vyenye mikono na miguu ya kusogea vikaja mwaka wa 1978.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka wa 1999, wakati seti za filamu ya Star Wars zilipoanza kuuzwa. Seti kama hizo huwa na kijitabu cha kumwelekeza mtoto hatua kwa hatua.

Hapo ndipo mzazi apaswa kuwa macho. Kufuata kijitabu humfunza mtoto subira, lakini kazi ikiisha, chombo huwekwa juu ya kabati kikawa pambo. Ilhali vitofali 6 tu vya vijinundu 8, vyote vya rangi moja, vyaweza kupangwa kwa njia zaidi ya milioni 900! Basi baada ya siku chache, mwambie abomoe, mvichanganye vyote katika beseni moja.

Tena usikimbilie dukani. Kitofali cha mwaka wa 1958 hushikana na cha leo, kwa hivyo vya kaka mkubwa vyamfaa mdogo wake. Ila aliye chini ya miaka 3 asipewe vidogo, visije vikamkwama kooni.

Na mfuko ukiwa mtupu? Mwendee seremala wa mtaani, umwombe vipande vya mbao alivyovipiga msasa. Hata Christiansen alianza na mbao.