Sauti Nayo Ina Kipimo Chake

Mkulima wa vitunguu wa Singida anaijua dhuluma ya kipimo. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kilemba juu yake, na malipo yakabaki ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, nayo Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita. Mkulima wa karafuu wa Pemba naye haondoi macho kwenye mizani mpaka uzito uandikwe.

Lakini wakulima hao hao, wakiisha kuuza mazao na kwenda dukani kununua redio au sabufa, hukutana na lumbesa ya namna nyingine ambayo hatujaikemea vya kutosha. Boksi limeandikwa kwa tarakimu kubwa: wati 5,000 au wati 10,000, na pembeni herufi PMPO. Herufi hizo ni pambo la biashara. Hakuna kanuni moja iliyokubaliwa ya kuzipata wati hizo; kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Kipimo cha haki ni nguvu ya kudumu, iandikwayo RMS, yaani ile ambayo chombo huweza kuitoa mfululizo bila sauti kukwaruza. Atakaye ushahidi na ageuze sabufa asome kibandiko cha nyuma. Chombo kinachotumia wati 60 za umeme hakiwezi kutoa mfululizo hata wati 100 za sauti, seuze 10,000.

Hadaa ya pili imo katika nyimbo zenyewe. Katika CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila sekunde ya muziki huchukua biti zipatazo 1,411,000. Nyimbo za MP3 zitiwazo katika flashi na memori kadi huweza kubanwa mpaka biti 128,000 kwa sekunde, takriban sehemu moja ya kumi na moja. Kubana si kosa, kwani hutupwa hasa yale ambayo sikio huyanasa kwa shida. Kosa ni kulichukua faili lililokwisha kubanwa, kulivimbisha mpaka biti 320,000, kisha kulinadi kuwa ni safi. Faili huwa kubwa, lakini kilichotupwa hakirudi.

Watakuwapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya anasa. Sivyo. Fedha aliyotoa mkulima ni jasho la msimu mzima, na tangu chuoni tulifundishwa kwamba kupunja kipimo ni dhambi, kiwe cha nafaka au cha kitu kingine. Wala hatumlaumu muuza duka mdogo wa mnadani, ambaye mara nyingi naye amedanganywa na boksi lile lile. Lawama ni ya mtengenezaji na mwagizaji.

Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa vyombo hivi viwili twapendekeza mambo matatu. Kwanza, nguvu ya sauti iandikwe kwa kipimo cha kudumu, kwa Kiswahili, juu ya boksi. Pili, sampuli za kila shehena zipimwe kwa mitambo: chombo kipewe mlio unaojulikana, kifikishwe nguvu kinayojidai, na mkwaruzo wake uhesabiwe. Tatu, matokeo yatambuliwe pande zote mbili za Muungano, ili redio iliyopimwa katika bandari ya Unguja ifike Singida na cheti chake.

Wakati hayo yakingojewa, mnunuzi asinunue kwa macho. Aende dukani na wimbo anaoujua vyema, ausikilize kwa sauti ya chini kisha ya juu, na asome kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa fedha. Aliyekataa kilemba juu ya gunia asikubali kuuziwa kilemba juu ya boksi.